Kioo Cheusi cha Shule ya Majabali

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kata yao, na shule yao, na vikao virefu kuliko hata vyetu, palikuwa na mwalimu mmoja mdogo wa umbo, Digidigi. Sikilizeni wanangu, na anayeogopa giza asogee huku kwangu.

Shule ilikuwa na darasa moja tu, chini ya mwamba, halina dirisha. Umeme haukuwahi kufika huko. Lakini Nyati, mwenyekiti wa bodi, alisikia kwamba shule za mjini zina vioo vikubwa vinavyoandika vyenyewe, akataka na shuleni kwao Majabali kiwepo. Digidigi akauliza kwa upole kioo hicho kitawashwa na nini. Fisi, mweka hazina, akamjibu kwamba mpango umeshapita, kilichobaki ni kunyoosha mikono. Nyati akamkazia macho. Digidigi akazitazama zile pembe, akanyoosha mkono pamoja na wengine.

Kioo kikaletwa, kikatundikwa ukutani. Kikakaa pale, cheusi tii.

Mwanzoni watoto walikicheka. Kisha wakaacha kukicheka. Mtoto wa Kanga alisema amejiona mle ndani amekaa dawati la nyuma, na yeye siku zote hukaa la mbele. Mtoto wa Ngiri akaomba ahamishwe, maana kioo kinamtazama akiandika. Digidigi aliwaambia ni vivuli tu. Lakini yeye mwenyewe aliandika ubaoni amesimama kiubavu, maana hakupenda kukipa mgongo kioo kile.

Siku moja bodi ikaja na mpango mpya. Nyati alisema kwamba ikiwa kioo hakifundishi, basi ni kidogo. Kinunuliwe kikubwa zaidi, na gharama itoke kwenye ghala la mtama wa uji wa watoto. Digidigi akaingiwa na hofu. Wengi wa watoto wale hawakuonja kitu kingine mpaka jioni. Uji ukikatwa, madawati yatabaki matupu.

Safari hii hakubishana. Alikwenda kwa Bibi Popo, aliyekuwa akiishi kwenye paa la darasa, wakanong'ona kidogo. Kisha akaenda hadi barazani kwa Nyati, ambako Fisi naye alikuwepo, akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kioo kimeamka."

"Marahaba. Kimeamka vipi bila umeme?"

"Sijui, mzee wangu. Kinawaita wajumbe. Kinasema kinataka kuwaona kabla hawajakiletea mwenzake."

Sasa, wanangu, mjue kwamba Nyati na Fisi hawakuwahi kulikanyaga darasa lile hata siku moja. Vikao vyao vilifanyika mtoni, penye ubaridi. Kioo walikipanga, wakakilipia, lakini kukiona hawakukiona.

Wakaingia alasiri, mawingu ya mvua yametanda. Ndani kimya jii. Nyati akasogea, na ndani ya weusi ule kitu chenye pembe kikasogea. Akarudi nyuma, nacho kikarudi nyuma. Akainamisha kichwa taratibu, nacho kikainamisha.

"Nyaaati," sauti nyembamba ikatoka juu ya kioo. "Umeniweka gizani. Mwanga wangu uko wapi?"

Fisi akaanza kutetemeka, meno yakigongana kwa-kwa-kwa.

"Fiiisi. Uji wa watoto unaupeleka wapi?"

"Siupeleki popote," Fisi akalia. "Ubaki. Mtama wote ubaki ghalani."

Nyati akamgeukia Digidigi, "Mwalimu, kinataka nini?"

"Nadhani kinataka jua, Mwenyekiti. Paneli za sola, na dirisha moja."

Nyati akaahidi palepale kutoa nusu ya malisho yake. Fisi akataja mpaka mifupa aliyoifukia kando ya mto, akasema yote iuzwe. Kisha wakatoka, ndi-ndi-ndi, wakipigana vikumbo mlangoni.

Digidigi akabaki peke yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hapo ikaja sauti nyingine. Haikutoka juu ya kioo. Ilitoka mle ndani, ya chini, imetulia, kama ya mtoto anayesoma mbele ya wenzake.

"Digidigi. Na wewe ulinyoosha mkono."

Kicheko kikakatika. "Bibi Popo, inatosha sasa. Wameshaondoka."

Bibi Popo akamjibu kutoka nje, kwenye mpera, mdomo umejaa. "Unasemaje, mwanangu? Mimi nimetoka kitambo. Nimeita majina mawili, kama tulivyopatana."

Digidigi hakuinua macho kukitazama kioo. Alitembea kinyumenyume mpaka akahisi mvua mgongoni.

Paneli zikaja, dirisha likatobolewa, kioo kikawaka. Watoto wakasoma kwa furaha, na uji wakanywa. Ila kila jioni, kabla ya kufunga mlango, Digidigi alikifunika kioo kwa kitambaa, naye akiangalia pembeni.

Na kikao kilipoitwa tena, Nyati akawakazia wote macho kama kawaida yake, mikono ikapanda juu. Mkono mmoja mdogo ukabaki chini, umetulia mapajani.

Basi wanangu, jambo usilolikubali usilinyooshee mkono, hata kama mwenye pembe anakutazama.