Udongo Uliohama Shamba la Ngiri

Paukwa!

Pakawa.

Aa, hiyo sauti ya usingizi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mawe yakiwa bado laini, Ngiri na Kanga walilima mashamba jirani. Desturi ya nchi yao ilikuwa hivi: jirani yako akikushinda mavuno misimu mitatu mfululizo, shamba lako linakuwa lake. Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga wengi, na hawakuwa na kingine ila shamba hilo.

Ngiri alipenda shamba safi. Akivuna, anachoma mabua yote. Akipanda, anamwaga mbolea ya chumvichumvi. Kanga yeye alifukia mabua, akatandaza samadi, akapanda kunde katikati ya mahindi.

Msimu wa kwanza Ngiri akajaza ghala. Kanga akapata nusu ghala.

"Jirani, anza kufungasha," Ngiri akamwambia.

"Bado, kaka yangu," Kanga akajibu. Moyo ulimuuma, maana watoto walilalia uji mwepesi.

Msimu wa pili Ngiri akamshinda tena, ila kidogo tu. Akaongeza chumvichumvi. Kanga akaongeza samadi huku akilia kimyakimya.

Sasa sikilizeni, na wewe acha kumfinya mwenzio. Msimu wa tatu, alfajiri yenye ukungu, udongo wa Ngiri ukaamka. Ukajinyoosha, ukajikunja taratibu kama mkeka, ukaanza kwenda. Hata minyoo wake ukawabeba.

Ngiri akaufuata mbio. "Wewe udongo, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kula kwa Kanga."

"Mbona nakulisha kila msimu?"

"Unayalisha mahindi. Mimi hujanilisha."

Ukapita, ukajilaza shambani kwa Kanga, ukasinzia. Mwaka huo mvua ilikuwa haba, lakini mahindi ya Kanga yalisimama, vifaranga wakashiba, na shamba likabaki lao. Kwa Ngiri ulibaki mwamba mtupu, hata jani halikuota.

Ngiri akaenda akapiga magoti. "Nirudie, nakuomba."

"Nilishe kwanza," udongo ukasema, macho umefumba.

"Mpaka lini?"

"Mpaka niisahau njaa."

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akila hupiga magoti. Anauomba udongo, nao haujamrudia.

Basi, watoto, mkilima, msihesabu magunia tu. Ulisheni na udongo, la sivyo utawachoka. Ngano yangu naifukia hapa. Ikioza, iwe mbolea yenu.