Leokadia na Mteremko wa Mahongo

"Changarawe haishikiwi breki, hushikiwa moyo."

Maneno haya aliyasema fundi Kamilius, mtengeneza baiskeli wa Mbalaji, siku vijana wanne kutoka mjini walipomletea baiskeli zao zenye matairi manene. Walitaka kuifuata barabara ya changarawe inayopita msituni kandokando ya mto Luhombo mpaka kivukoni, nao walimwomba azikaze breki kadiri awezavyo. Fundi alizikaza, kisha akautoa msemo wake. Vijana wakacheka wakidhani mzee anawatania. Yeye hakucheka.

"Umetoka wapi msemo huo, babu?" aliuliza binti mmoja.

Mzee alifuta grisi mikononi. "Kaeni hapo kwenye benchi," alisema. "Chanzo chake ni hiki."

Hapa Mbalaji aliishi mjane aitwaye Leokadia pamoja na mama mkwe wake, Mama Gaudensia. Hawakuwa na ugomvi, ila hawakuwa na maneno mengi. Waliamkiana asubuhi, wakalima, wakala, wakalala. Kati yao alikuwapo marehemu. Romwaldi, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, alikuwa akipeleka samaki wakavu kivukoni kwa baiskeli. Asubuhi moja yenye mawingu, akishuka mteremko wa Mahongo, alimkuta kiboko ameziba njia. Alibana breki. Gurudumu likateleza juu ya changarawe, akaanguka, na yaliyofuata watu waliyasimulia kwa sauti ya chini tu. Tangu siku ile Leokadia hakuikanyaga tena barabara hiyo. Akiwa na safari ya ng'ambo, alizunguka kwa njia ya mashambani, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Miaka miwili baadaye macho ya Mama Gaudensia yaliingia ukungu. Ukungu ukawa wingu, wingu likawa ukuta. Mwishowe aliweza kujua tu kwamba hapa pana mwanga na pale pana giza. Ndipo Alhamisi moja jioni habari zikafika kuwa madaktari wa macho wamekuja hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto, na kwamba Ijumaa ndiyo siku yao ya mwisho. Wakiondoka, hakuna aliyejua watarudi lini.

Leokadia alikaa na bakuli lake mpaka uji ukapoa.

"Mama," alisema, "kesho nitakupakia kwenye baiskeli."

"Kwa njia ipi?"

"Ya mtoni."

Mama Gaudensia alinyanyuka, akapapasa ukutani mpaka akaifikia khanga yake ya safari.

Kulipokucha, jua halikutoka. Leokadia alitazama mawingu akasita, maana kila mtu wa mtoni anajua kwamba jua likiwaka viboko huwahi majini, lakini siku ya mawingu husahau saa na kuendelea kula majani nchi kavu. Hata hivyo alimpandisha mama mkwe kwenye keria, akaweka kitambaa chini yake, wakaondoka. Mama Gaudensia alishika vyuma vya tandiko. Hakumgusa mkwewe kiunoni. Hawakuwa wamezoeana hivyo.

Msitu ulikuwa kimya. Changarawe ilitafunwa chini ya matairi, na sauti ile ilimfanya Leokadia aone kama anatangaza safari yake kwa kila kilicho na masikio. Alitamani ndege walie. Hawakulia. Mbele kidogo aliona kinyesi kibichi cha kiboko kimetapanywa juu ya vichaka, kana kwamba mtu amekipiga kwa fagio. Baadaye akaona majani yamelazwa, na nyayo pana ambazo maji yalikuwa bado yanajikusanya ndani yake. Hakumwambia mama.

"Mbona umepunguza mwendo?" mama mkwe aliuliza.

"Nimechoka kidogo, Mama."

"Ndiyo kwanza tumeanza."

Wakafika juu ya Mahongo. Barabara pale inashuka kama paa la nyumba. Kushoto ni kichaka kizito, kulia ni ukingo wa mto, na chini kabisa inanyooka kwenye tambarare kabla ya kukata kona. Leokadia alisimamisha baiskeli. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasikiliza mpaka masikio yakaanza kulia yenyewe. Hakuona kitu. Aliwaza kumshusha mama watembee, lakini kipofu kwenye changarawe ya mteremko angechukua muda mrefu, na pale si mahali pa kukaa muda mrefu. Akapiga ishara ya msalaba, akaiachia baiskeli.

Walikuwa wamefika katikati kichaka cha kushoto kilipotikisika. Kikatoka kichwa. Kikafuata kiwiliwili, kikubwa, cheusi, kinachong'aa kwa unyevu, na ubavuni mwake mtoto. Kiboko alikuwa anarudi mtoni, na barabara ilikuwa kati yake na maji.

Vidole vya Leokadia vilibana breki kabla hajaviamuru. Gurudumu la nyuma likachepuka. Baiskeli ikaanza kwenda upande kama mlevi, changarawe zikaruka, na kwa kitambo kile akamwona Romwaldi, si uso wake, bali viatu vyake vilivyorudishwa nyumbani bila yeye.

"Leokadia! Kuna nini?"

Leokadia alizidi kuzibana breki.

"Ni kiboko?"

"Ndiyo, Mama. Ana mtoto."

"Ameshaingia barabarani?"

"Bado. Anakuja."

Hapo bibi yule alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliachia vyuma, akauzungusha mkono mmoja kiunoni mwa mkwewe, na kiganja cha pili akakibandika kifuani pake, upande wa kushoto.

"Achia breki."

"Mama, tutamwingia!"

"Achia, mwanangu. Moyo wako huu hapa, nimeushika mimi. Wewe shika usukani."

Leokadia akaachia.

Baiskeli ikajinyoosha, ikaruka mbele. Upepo ukamjaza macho machozi. Hakumtazama kiboko, alitazama ukanda mwembamba wa ardhi ngumu ambao matairi ya malori yalikuwa yameufagia katikati ya changarawe, akalipeleka gurudumu pale, pale, pale. Alisikia harufu nzito ya matope na majani yaliyotafunwa. Kisha mngurumo ukamtoka mnyama yule karibu sana, hata pedali zikatetemeka chini ya nyayo zake. Wakapita.

Lakini mteremko haukuwa mwisho. Tambarare ilipofika, mwendo ulianza kufa, na nyuma yao ardhi ilikuwa ikigonga. Leokadia alikanyaga pedali kwa mapaja yanayowaka. Mawe yalipiga madigadi ya nyuma. Pumzi ya mnyama aliisikia, fupi fupi, kama mtu anayepasua kuni. Kiganja kifuani pake hakikubana wala hakikulegea.

Halafu mtoto wa kiboko akalia kule nyuma. Mlio mmoja mwembamba. Ardhi ikaacha kugonga. Baada ya kitambo maji ya mto yakapasuka mara mbili, mara moja kwa kishindo, mara ya pili kidogo tu.

Leokadia hakusimama mpaka kivukoni. Aliposhuka, alianguka mchangani akatapika. Mama Gaudensia alimtafuta kwa mikono, akampata, akamfuta uso kwa pindo la khanga.

"Mama, wewe hukuogopa?"

"Niliogopa. Moyo wako ulikuwa unakimbia, wangu ulikuwa umesimama kabisa. Nikaona niushike ule unaofanya kazi."

Walivuka mto, na madaktari wakamtibu Mama Gaudensia. Jicho moja lilifunguka, la pili lilikataa. Walirudi nyumbani kwa lori, kwa njia ya mbali. Majirani walipowazunguka, wengi waliishika baiskeli ya Leokadia wakisifu breki zake, wakidhani ndizo zilizowaokoa. Mama Gaudensia aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Breki za mwanangu Romwaldi zilikuwa nzuri kuliko hizi," alisema. "Changarawe haishikiwi breki, hushikiwa moyo."

Kuanzia hapo watu wakayachukua maneno yake. Mgonjwa anayeingia kupasuliwa huambiwa. Mwanamke anayesubiri kujifungua huambiwa, huku mwenzake akimshika.

Hapo ndipo fundi Kamilius alipoishia. Vijana walitazama barabara ilipoingia msituni. Yule binti akauliza taratibu, "Na kama Leokadia angekuwa peke yake, babu?"

"Romwaldi alikuwa peke yake," mzee alijibu. "Ndiyo maana methali haisemi 'jishikie'. Isikilizeni tena, na mkienda, nendeni pamoja: changarawe haishikiwi breki, hushikiwa moyo."