Jalala Lililogeuka Bonde

Paukwa!

— Pakawa!

Na wewe uliyenyamaza huko nyuma, umemeza ulimi? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale, samaki walipokuwa na majumbe wao, bahari ilikuwa na baraza. Pana, tambarare, kama baraza za nyumba zetu. Ilianzia pwani ikaishia ukingoni, na kutoka ukingoni ni mteremko mpaka gizani.

Ukingoni hapo, katika tundu la mwamba, alikaa Bi Pweza na mayai yake. Mama pweza hutaga mara moja tu maishani. Hali, halali, anayapepea maji mpaka yaanguliwe. Akiyakosa hayo, basi tena.

Juu kabisa, mdomoni mwa Mto, alikaa Jumbe Chewa. Mvua ikinyesha, Mto hushusha matope. Na desturi ya baraza ilikuwa hii: fagia kwako, sukuma kwa jirani wa chini. Jumbe akasukuma kwa Taa, yule samaki bapa, Taa kwa Kaa, Kaa kwa Bi Pweza. Wakasifiana kwa usafi.

Mvua ya kwanza, Bi Pweza akapaza sauti humo tunduni, maana mayai hayaachwi. "Jumbe! Wanangu wanakosa pumzi!"

"Pole, mama. Huko ndiko jalalani tangu enzi za babu."

Mvua ya pili, akaita. "Pole, mama."

Mvua ya tatu, akaita. "Pole, mama." Lundo la matope likafika mlangoni.

Ndipo ardhi ikatikisika kidogo. Lundo likaporomoka! Maji ya matope ni mazito, hayaelei. Yalishika mteremko mbio, yakiparura sakafu, yakibeba mawe. Bi Pweza aliziba mlango kwa mikono yote minane. Kulipotulia, mayai yalikuwa mazima. Akalia kwa furaha.

Lakini alipochungulia, akaona pembeni mwake mfereji, na kichwa cha mfereji kinamomonyoka kuelekea juu. Alikuwa na hasira na majirani, ila akawaonya. "Jumbe! Mfereji unapanda! Acheni kufagia!"

Jumbe akacheka. "Tangu lini mfereji ukapanda? Afadhali, jalala sasa linajimwaga lenyewe."

Wakafagia. Matope yakaporomoka, nyumba ya Kaa ikaenda. Wakafagia. Taa akaamka hana sakafu. Jumbe akafagia peke yake, kwa bidii, na nyumba ya Jumbe ikaenda.

Akateremka mpaka kwa Bi Pweza. "Hodi, mama. Nisitiri."

Bi Pweza alikuwa hoi. Juu ya mfereji, ambao sasa ni bonde, watoto wake walikuwa wanaelea, wengi kama chenga za mchele.

"Karibu, Jumbe," akasema. "Wanangu wametoka. Nami safari yangu imefika."

Akafa siku hiyo hiyo.

Jumbe akahamia humo tunduni. Kila masika matope hupita mlangoni kwake kutoka mtoni moja kwa moja, naye hukohoa. Hana wa kumpigia kelele. Juu yake hakuna jirani tena.

Ndiyo maana mbele ya midomo ya mito mikubwa, baraza ya bahari inapoishia, mara nyingi utakuta bonde refu chini ya maji. Mengine hayana mto siku hizi. Mto ulihama, bonde likabaki.

Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mimi nimefika mwisho. Kama ni tamu, tumekula wote. Kama ni chungu, niachieni mwenyewe, msimpelekee jirani.