Tope Miguuni mwa Nyanzala

Wa kilimani haoni tope, wa bondeni haoni vumbi.

Jana mkutanoni fundi wa bomba alimtupia mwenyekiti maneno hayo, watu wakaangua kicheko, nanyi mkacheka. Leo mnaniuliza, "Bibi, yalitoka wapi?" Kumbe mlikuwa mnacheka msichokijua! Haya, kaeni. Luhanga, acha kutafuna njugu zangu, hizo ni za mbegu. Maneno hayo yana siku yaliyosemwa na mtu aliyeyasema, naye siku hiyo hakuwa na kicheko.

Zamani nchi ya Ibambo ilitawaliwa na Mtemi Lugusha. Msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kufikiri, asiyependa ugomvi, na vita ninavyowasimulia hakuvitafuta; watu wa ng'ambo ya mbuga ndio waliokuja kuyataka maghala yake ya mtama. Jemadari wake aliitwa Shimbi, mtu wa maneno machache, aliyepigana tangu hajaota ndevu.

Sasa, Ibambo walikuwa na desturi yao. Wakati wa vita mtemi alikaa juu ya kilima cha Nhobola pamoja na ngoma kubwa. Ikipigwa mfululizo, jeshi linashambulia. Ikipigwa moja moja, linarudi. Asiyeitii ngoma alihesabiwa msaliti, na msaliti aliuawa. Tena mwanamume yeyote aliyepanda kilima vita havijaisha aliitwa mtoro, yeye na ukoo wake. Basi hakuna aliyepanda, hata akiwa na habari ya maana kiasi gani. Amri zilishuka, habari hazikupanda. Wakaona ni sawa tu, maana babu zao walifanya hivyo. Eti desturi!

Ilikuwa mwisho wa masika, siku ya tisa bila mvua. Nchi ya juu ina mchanga, ilikuwa imekwisha kukauka. Bondeni, kwenye mbuga, nyasi zilisimama vizuri, na ukizitazama kutoka kilimani ungesema hapo hata ng'ombe anakimbia. Adui alijipanga ng'ambo ya mbuga. Shimbi na watu wake mia tatu walikuwa upande huu.

Asubuhi Lugusha aliona vumbi kaskazini, nyuma ya msitu. Lilikuwa jeshi la pili la adui, linazunguka ili lifike mgongoni mwao kabla jua halijatua. Akafikiri: tuwamalize hawa wa mbele kwanza, kisha tuwageukie wale. Mtu mwenye akili angefikiri hivyohivyo. Akaamuru ngoma ipigwe mfululizo.

Shimbi alipoisikia alishika kichwa. Tangu jana yake alikuwa ameipima mbuga kwa mkuki wake, na chini ya zile nyasi tope lilifika mapajani. Lakini ngoma ni ngoma. Akaingia, na watu wake wakaingia. Walikwama kabla ya kufika katikati, na mishale ikawakuta wamesimama. Waliorudi waliwaacha wenzao arobaini humo.

Ngoma ikalia tena, mfululizo, maana kilimani walidhani ni mishale tu iliyowarudisha. Safari hii Shimbi aliketi chini. Na watu wake wote wakaketi.

Kule kilimani Lugusha aliwaona wameketi, akawaka. "Shimbi amenigeuka!" Akawaita walinzi wake, akawaamuru washuke wamlete amefungwa kamba, na akikataa wamwue hapohapo. Walinzi walikuwa wanachukua mikuki yao Nyanzala alipotokea.

Nyanzala alikuwa dada mkubwa wa mtemi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wanawake ndio waliowapelekea wapiganaji maji na chakula, nao walipanda na kushuka watakavyo, kwa sababu sheria ya utoro haikuwataja. Wala hakuna aliyewahi kuwauliza wameona nini huko. Mtoto wake wa pekee, Kadama, alikuwa mmoja wa wale mia tatu.

"Mtemi, walinzi wanakwenda wapi?"

"Kumleta Shimbi. Nimepiga ngoma, naye ameketi kama mgeni anayesubiri uji."

Nyanzala akainua nguo yake hadi magotini. "Tazama miguu yangu."

Miguu yote miwili ilikuwa nyeusi kwa tope.

"Umeanguka wapi, dada?"

"Sikuanguka. Nilikuwa namvuta Kadama. Nimemtoa, lakini nimemtoa maiti."

Lugusha aliinama kuitazama miguu ile. Kisha akauliza polepole, "Kwani huko kuna tope?"

"Tope la kumeza ng'ombe! Shimbi alilijua tangu jana. Angemwambia nani? Angepanda, mngemwita mtoro."

Mtemi akanyoosha mkono kaskazini. "Na lile vumbi je? Haoni kwamba tunazungukwa? Unadhani napiga ngoma kwa kupenda kelele?"

Nyanzala akageuka, akalitazama. "Huko chini kuna msitu mbele yetu. Hatuoni vumbi lolote. Tulisikia ngoma tu, na ngoma haisemi kwa nini."

Wakatazamana, ndugu hao wawili. Kisha Lugusha akawaambia walinzi waweke mikuki chini.

"Dada, naona haya kukuomba. Utaweza kushuka tena?"

"Mwanangu amelala huko, Lugusha. Nitashindwaje kushuka?"

"Basi mwambie Shimbi habari ya vumbi. Mwambie nataka maghala yapone na watu wapone. Namna ya kufanya, aamue yeye."

Shimbi alipoambiwa hakupoteza muda. Tope lililowaua watu wake si lingemzuia na adui wa mbele? Akaacha watu thelathini wapige kelele na kutikisa mikuki, akawachukua waliosalia mbio hadi kaskazini, mahali njia inapobanwa na mawe. Jeshi la pili likamkuta hapo anawangoja. Kabla jua halijatua lilikuwa linakimbia, na wale wa ng'ambo ya mbuga waliposikia, nao wakaondoka. Maghala yakapona.

Siku ya tatu wazee wa baraza wakakaa. Wengine wakasema Shimbi aliikaidi ngoma, ameshinda hajashinda, lazima afe. Wengine wakanong'ona kwamba mwenye kosa ni mtemi, aliyepeleka watu topeni. Wakavutana mpaka mate yakawakauka. Shimbi alikuwa ameinama, na Lugusha ameinama.

Nyanzala akaingia amejifunga kaniki ya msiba.

"Wa kilimani haoni tope," akasema, "wa bondeni haoni vumbi. Mwanangu amekufa katikati, pale mlipoweka sheria badala ya njia. Kama lazima muue, iueni sheria hiyo."

Hakuna aliyebisha. Shimbi hakuguswa. Kesho yake Lugusha alishika jembe, Shimbi akashika jingine, wakalima njia kuanzia kaburi la Kadama bondeni hadi penye ngoma kilimani. Aliyepanda kwa njia ile hakuitwa mtoro tena, na katika vita vilivyofuata ngoma haikupigwa mpaka mtu wa bondeni afike na kusema aliyoyaona.

Basi ndiyo hayo. Mwenyekiti wetu amekaa ofisini anaamua bomba lipite wapi, fundi amekaa shimoni amenuna, na hakuna aliyemfuata mwenzake. Luhanga, mbona hucheki tena?

"Hapana, Bibi. Nilikuwa namfikiria yule mama."

Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Naye ilimbidi kushuka na kupanda kwa ajili ya wanaume wawili wenye macho mazima. Wa kilimani haoni tope, wa bondeni haoni vumbi.