Mikono ya Bukala

Mkono uliochoma ndio ukande udongo. Ehe! Msemo huu mmeusema tangu asubuhi, ndio mnauliza sasa ulikotoka? Tulieni basi, wajukuu. Ulianza na mwanamke mmoja mbishi, Nyamizi wa Isenga.

Vita vya Isenga na Bukala vilipokwisha, Isenga yote ilikuwa majivu, imechomwa na watu wa Bukala. Nyamizi alimlaza mama yake kipofu kwenye kibanda cha majani, na masika yalikuwa yamebakiza wiki mbili. Wazee walisema kila mtu ajijengee, vita ni vita. Nyamizi akashangaa. Hivi, moto ule ulijiwasha wenyewe?

Mara Ngasa, mtemi wa Bukala, akaja na watu wake na ng'ombe arobaini. "Gawaneni, yaishe," akasema. Wazee wakachangamka.

"Mtemi, naomba kuuliza," akasema Nyamizi. "Ng'ombe hawa wanajua kukandika?"

"Mama, hiyo ni mali. Tafuta mafundi."

"Mafundi mmewaua. Kwa nini msijenge wenyewe?"

Mtemi akatazama pembeni. Hapo Nyamizi akaelewa. Kwa desturi ya nchi ile, aliyekanda udongo wa nyumba haruhusiwi kuielekezea silaha mpaka afe. Kumbe Ngasa alikuwa radhi kutoa ng'ombe, si kuacha vita!

"Ng'ombe waacheni, wajenzi watakula," akasema. "Lakini nyumba yangu nataka ijengwe na walioichoma."

"Tuliamriwa," akajibu askari mmoja.

"Mimi sikushika kijinga cha moto," akasema mtemi.

"Basi mikono yao iliyochoma na mdomo wako ulioamuru, vyote viingie kwenye shimo la udongo!"

Yule askari akaweka mkuki chini, akaingia kwenye udongo. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hadi mtemi akabaki na ng'ombe wake. Alisimama mpaka aibu ikamzidi. Akavua shuka lake la lubega, akaingia. Mvua ya kwanza ilikuta kuta za Isenga zimesimama, na mama kipofu ndani, amelala pakavu.

Miaka mitatu baadaye vijana wa Bukala walinoa mikuki, wakamwomba mtemi ruhusa waivamie Isenga.

"Mtavunja nyumba ya nani?" akawauliza. "Zile kuta nimezikanda mimi."

Mikuki ikarudi darini. Wajukuu zangu, kama Nyamizi angepokea ng'ombe tu, wangeliwa wakaisha, na vita vingerudi. Mkono uliochoma ndio ukande udongo.