Kichwa Kilichosukwa Nusu

Mmeanza tena. Nimekaa hapa nachambua choroko, mgongo unaniwaka moto, na nyinyi mnataka kisa. Juzi mlitaka, nikawapa, mkabishana mpaka ugali ukapoa. Na hiki cha leo ndicho kibaya zaidi kwa kugombanisha, ndiyo maana nilikuwa nimekificha. Haya. Mwenye masikio ayalete karibu, mwenye karanga atafune kwa adabu. Nitasema mwanzo hadi mwisho, lakini hukumu sitoi, kwa hiyo msinichunguze uso mkitafuta jibu.

Hapa hapa Tabora, mtaa wa nyuma ya stesheni, walikuwepo watu watatu waliofanya kazi pamoja.

Mrisho alikuwa na jicho. Mimi na wewe tukiingia chumbani tunaona kitanda na ndoo. Yeye anaona mwanga umeingilia wapi na utakaa muda gani. Kamera yake ilikuwa kuukuu, imefungwafungwa kwa utepe kama mguu wa mgonjwa, lakini ukitazama alichopiga unajiona umekaa goti kwa goti na mwimbaji.

Sikitu alikuwa na sikio. Alisikia friji ya jirani ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Siku moja alikuja kuniomba nimfungie jogoo wangu, nao wanarekodi nyumba ya nne kutoka kwangu.

Mwanvua alikuwa na ulimi. Mtu akisema yeye haimbi mbele za watu, Mwanvua anakaa naye, anamsaidia kukata mchicha, na kabla mchicha haujaiva mtu anaimba.

Kazi yao ilikuwa kuwafuata waimbaji wa hapa mjini, wale wasio na bendi wala tajiri wa kuwashika mkono, wakawapiga video wakiimba pale walipozoea kuimbia: jikoni, kwa fundi cherehani, kwa kinyozi. Wanaalikwa watu kumi tu, wanakaa mkekani kimya. Wimbo unaimbwa mara moja, haurudiwi. Kisha video inawekwa mtandaoni na jina la mwimbaji peke yake. Majina ya wale watatu hayamo. Walikubaliana hivyo zamani, wakati bado wanapendana.

Sasa palikuwa na msusi, Nyamizi. Mkono mwepesi hata watoto walisinzia akiwasuka, na sauti yake ndiyo iliyowalaza. Kasoro yake moja: mikono ikitulia, sauti inakatika. Walimketisha kwenye kiti mbele ya kamera, akakohoa, akaomba maji, akasema ana wageni nyumbani. Mwanvua ndiye aliyeng'amua. Akasema mwacheni aimbe akisuka, kinachotakiwa ni kichwa.

Kichwa kikapatikana upesi mno. Zamda alijileta mwenyewe.

Zamda alikuwa mwimbaji wa maharusini, na ndiye wa kwanza kabisa kupigwa video na wale watatu. Waliomtazama wangeenea kwenye mkeka huu na nafasi ya kunyoosha miguu ingebaki. Tangu hapo kila mwenzake akipigwa video, yeye kazi yake kuchungulia simu aone ametazamwa na wangapi. Alipoambiwa sasa ni zamu ya msusi, alicheka. Kesho yake akaja kusema anataka kumuunga mkono mwenzake, asukwe yeye. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale kumi walioalikwa.

Ikawa Jumamosi asubuhi, chumbani kwa Nyamizi. Mrisho akalaza kamera chini, usawa wa uso wa anayesukwa. Sikitu akazima friji, akamwomba mwenye mashine ya kusaga apumzike robo saa, akambana Nyamizi kipaza sauti kidogo kwenye kitenge. Mwanvua akamnong'oneza Nyamizi atusahau, asuke.

Nyamizi akaanza msuko wa twende kilioni, na wimbo ukaanza. Ni wimbo wa mama anayemsuka binti anayeolewa mbali. Kila mstari anaousuka, anamtajia kijiji kimoja cha njiani, asije akapotea siku akitaka kurudi. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilitazama dari.

Zamda ndiye aliyelia. Machozi yalimtoka taratibu, yakafuata shavu, na kamera iko pale pale. Kichwa kilipofika nusu, akaruka kama kaumwa na siafu. "Unaning'oa nywele, mwanamke wewe!"

Wimbo ukakatika. Sote tulijua mkono ule hauumizi mtu. Nyamizi akaweka chanuo chini na kutuambia kwa upole twende zetu, ana wateja mchana.

Hapo kila mmoja akafanya lake.

Mwanvua, mwenye ulimi, safari hii alitoa kichwa. Kesho yake dada yake anaolewa, na nywele zake mwenyewe zilikuwa zimesukwa juzi yake kwa saa tano. Akaanza kuzifumua pale pale mbele yetu, akamsogeza Zamda kwa kiwiko, akaketi kati ya magoti ya Nyamizi. Nyamizi akakitazama kile kichwa kilichovurugika. Akashika chanuo. "Sianzi upya," alisema. "Mtoto ameshafika nusu ya njia, simrudishi kwao." Akaendelea kutoka kijiji alichokatishiwa.

Mrisho hakuwa ameizima kamera. Alipoona kichwa kimebadilika, aliinyanyua akaifuatisha vidole vya Nyamizi peke yake mpaka mwisho, amepiga magoti. Ukitazama vidole huwezi kujua kichwa cha nani kimeisha na cha nani kimeanza.

Sikitu akaibeba sauti kwenda nayo kwake. Siku mbili vile vispika vya kuvaa havikumtoka masikioni. Alitafuta mahali Nyamizi alipovuta pumzi kabla ya kelele, na alipovuta pumzi baada ya kelele, akaunganisha pumzi kwa pumzi. Mimi niliyekuwepo nilisikiliza mara tatu, sikuiona njia aliyopitia.

Video ikaruka. Jumatano ukaja ujumbe kutoka Kigoma, kwenye tamasha la muziki. Bendi moja imejitoa, wanataka watu wawili wapande treni ya Jumanne: Nyamizi, na yule dada aliyelia akisukwa, aje na msuko ule ule. Waliona machozi wakadhani ni ya wimbo. Wote wawili watasimama jukwaani na kutajwa majina.

Basi fikirieni wale watatu. Miaka yote hiyo hakuna aliyetajwa, na asiyeimba wa kwanza kutajwa ni Zamda.

Lakini Zamda alikuwa na shida yake chini ya mtandio. Kichwa nusu kilisukwa, nusu kimesimama kama nyasi. Wasusi wa kwetu hawamalizi kichwa kilichoanzwa na mwingine mpaka mwenyewe aruhusu, na Nyamizi hajaruhusu. Alhamisi akaenda mlangoni kwake.

"Nimalizie, dada Nyamizi. Treni ni Jumanne."

"Nilikuumiza?"

Zamda akachezea ncha ya mtandio. "Hapana."

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

"Wimbo ulikuwa mzuri," Zamda alisema, "na haukuwa wangu."

Nyamizi akatandika mkeka. Alimwambia atamaliza kichwa, ila yeye Zamda Kigoma haendi. Nafasi hiyo atawaachia wale watatu, naye atalisema hilo mbele yao, kwa mdomo ule ule uliopiga kelele. Zamda alisihi mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akaiachia. Aliondoka pale na msuko mzuri kuliko wote mtaani, na hana pa kwenda nao.

Mnadhani imeisha? Nyamizi akawaambia wale watatu kwamba Kigoma watampokea yeyote atakayekuja naye, wakubaliane nani aende, akaendelea na wateja wake. Wao wakaanza kuoneshana meno.

Mwanvua alisema yeye alitoa kichwa chake, akaenda harusini kwa dada yake na kilemba, mashemeji wakamuuliza kafiwa na nani. Mrisho akamjibu kwamba vichwa hata Kigoma vipo, lakini yale machozi nani aliyaona, wote si walikuwa wanamtazama mwimbaji? Mwanvua akasema kamera ilikuwa imelala chini kama paka, ingeona tu chochote kilichopita. Sikitu akawaambia bila yeye Kigoma wangesikia mwanamke akifokewa kwa ajili ya nywele, basi. Baadaye wale wawili walienda nyuma ya nyumba kumsema, kwamba kazi yake ni kukata na kuunga, fundi viatu naye anafanya. Wakasahau wanamsema mtu wa aina gani. Alisikia kila neno.

Mpaka Jumatatu hakuna anayemsalimia mwenziwe. Nyamizi anafunga begi. Kiti cha pili kwenye treni bado hakina mtu, na Zamda keshakilipia kwa uchungu wake wote.

Haya, wewe mwenye karanga, anza wewe. Mwanvua bila kichwa chake wimbo ungebaki nusu, Mrisho bila jicho lake usingeonekana, Sikitu bila sikio lake usingeunganika. Ungekuwa wewe Nyamizi, ungemkabidhi nani kile kiti alicholipia Zamda?