Mduara wa Jua juu ya Mto Kithanga

Nawaletea kesi, nanyi mtakuwa mahakama. Anayependa kubishana asogee mbele.

Kando ya mto Kithanga walikuwako watu watatu, na kila mmoja alijulikana kwa mwanga wake.

Syokau, mjane, alijua kuusoma mwanga wa angani. Jua au mwezi ukizungukwa na mduara, aliutazama upana wake na rangi yake, kisha akasema kama mvua iko karibu au mbali. Mara nyingi alipatia. Msimu mmoja alikosea, watu wakahama bure, na tangu hapo wakamwita Mama Mvua.

Kitheka, mchoraji, alijua mwanga wa ukutani. Aliitwa huku na huko kuchora watakatifu makanisani, na hakuna aliyemshinda kwa ule mduara unaowekwa nyuma ya kichwa cha mtakatifu. Aliuchora kwa mkono mtupu, bila kamba wala kipimo, nao ukafunga sawasawa. Hakuwa mwenyeji wa Kithanga. Alikuwa amekuja kupaka chokaa na kuchora katika kanisa lililo juu ya ukingo wa mto.

Munyao hakusoma mwanga wala hakuuchora. Wake ulikuwa ule ambao watu humvika mtu wanayemheshimu. Hakuwahi kushikwa na uongo. Watu wakigombania mpaka wa shamba, mmoja akisema, "Munyao aliona," ugomvi uliisha. Hata akikohoa, watu walidhani ana sababu nzuri.

Sasa ujueni mto wenyewe. Kithanga ni mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi maji hujificha chini, na watu huyachimbia visima. Mwaka huo visima vilikauka vyote, kikabaki kimoja, nacho kilichuruzika polepole. Aliyeteka wa kwanza alipata maji safi. Wa katikati alipata machafu. Wa mwisho alikwangua tope. Kwa hiyo kulikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na sheria moja: anayetoka mtoni amepoteza nafasi yake. Familia zikateremka na mifugo, zikajenga vibanda juu ya mchanga, zikalala humo. Hakuna aliyetaka kupanda ukingo, hata kwenda kumjulia hali mgonjwa.

Munyao alikuwa mbele kabisa. Syokau alikuwa mkiani, pamoja na mbuzi wake waliokonda.

Asubuhi moja Syokau alitazama juu. Jua lilikuwa limezungukwa na mduara mpana, wa kijivu, na upande wa vilima unakotoka mto hapakuonekana kitu kwa ukungu. Akapita kibanda kwa kibanda.

"Pandeni ukingo. Maji yanakuja leo."

"Karibu, Mama Mvua!" alisema Mumbua, jirani yake. "Leo inanyesha ya maji au ya maziwa? Nataka kujua nilete chombo gani."

"Mumbua, una watoto."

"Ndiyo, na wana kiu. Kesho ni zamu yangu. Nikipanda, utanirudishia nafasi yangu?"

Hakuna aliyeinuka. Syokau akaenda hadi mbele ya foleni.

"Mzee Munyao, wewe watakusikia."

"Una hakika?"

"Sina. Niliwahi kukosea, na wewe ulikuwapo."

Munyao alilaza sikio mchangani, akasikiliza. Hakusikia kitu. Akabaki ameinama hivyo kwa muda, watu wakimtazama. Kisha akasimama.

"Nimeyasikia maji," alisema kwa sauti. "Yanakuja. Naapa kwa makaburi ya wazazi wangu."

Akawafungua ng'ombe wake, akaondoka kisimani wa kwanza. Foleni nzima ikamfuata.

Lakini kingo za Kithanga ni ndefu na zimesimama wima. Njia ya kupanda ni moja tu, mwanya mwembamba kati ya mawe. Watu walikuwa bado hawajaufikia pale upepo ulipovuma kutoka vilimani na vumbi likaziba jua. Mtu hakuweza kumwona ng'ombe aliyemshika mkia. Wengine wakaanza kuparamia ukingo wenyewe, wakaporomoka.

Kitheka aliyasikia makelele yao kutoka kanisani. Akateremka na ndoo ya chokaa, akaanza kuchora miduara myeupe kwenye mawe ya pande zote mbili za mwanya, ile ile aliyowachorea watakatifu. Upepo ulimrudishia chokaa usoni. Akajifuta kwa mkono uliojaa chokaa, akaendelea.

"Fuateni miduara ya Kitheka!" mtu alipaza sauti. "Njia iko hapa!"

Wakapanda. Syokau ndiye aliyepanda wa mwisho, akimkokota bibi kizee aliyekuwa amekataa kuacha sufuria yake. Mbuzi wake mwenyewe alikuwa hajawafungua. Maji yalipofika, yaliwakuta kwenye kamba.

Hakufa mtu hata mmoja. Munyao alikuwa mzima, na Syokau pia. Kitheka aliunguzwa na chokaa: jicho moja lilipofuka, la pili likabaki kutofautisha mchana na usiku tu.

Mvua ile ya vilimani haikurudi. Mto ukapita, mchanga ukakauka, na kisima kikawa kimefukiwa. Walipokichimba upya hapakuwa tena na foleni ya zamani. Wakakubaliana kwamba nafasi ya kwanza apewe aliyewaokoa, yeye na uzao wake, isigombaniwe tena.

"Ni ya Mzee Munyao," alisema mmoja. "Kwa neno lake tuliinuka."

Munyao akasimama. "Kabla hamjanipa, mjue. Sikuyasikia maji. Niliapa uongo."

Kijana mmoja akauliza, "Na ule mpaka wetu, mzee? Ulioapa kwamba uliuona ukiwekwa?"

"Ule niliuona."

"Tutajuaje?"

Munyao akaketi. Tangu siku hiyo hajaitwa kusuluhisha jambo lolote.

"Basi Syokau," alisema Mumbua. Hakucheka safari hii. "Asingeona yeye, Munyao angeapa nini?"

"Nafasi ya kwanza kwa mtu asiye na hata mbuzi mmoja?" mwingine akamjibu. "Atanywesha nini?"

"Nikiwa na maji," alisema Syokau, "watu watanikabidhi mbuzi wao niwafuge, na nitapata sehemu yangu ya wana wa mbuzi hao. Nisipokuwa nayo, nani atanikabidhi mnyama?"

Kitheka alikuwa ameketi pembeni, ameshika fimbo.

"Mimi si wa hapa," alisema, "na sikuwa kwenye foleni yenu. Lakini sitachora tena. Niambieni, mnanirudisha kwetu nikale nini?"

"Tukimpa mgeni, wajukuu zetu watateka baada ya wajukuu zake," alinung'unika mtu.

"Wajukuu gani, kama asingetuonyesha njia?" alisema Mumbua.

Walisema waigawanye nafasi, lakini hapana: ukishateka wa kwanza, wa pili ni wa pili. Walisema wapige kura, na kila mtu akatamka jina, na kura zikalingana. Munyao alisema wamwache yeye nje, na waliokuwa upande wake wakakataa. Walisema, tukimnyima, nani tena atalitia jina lake hatarini kwa ajili yetu? Wengine wakasema, tukimpa, watoto wetu watajifunza nini kuhusu kiapo?

Na hadi sasa ninaposimulia, maji yamejaa kisimani. Ndoo tatu zimewekwa mdomoni mwake, ya mjane, ya mchoraji na ya mzee. Mbuzi wanalia. Watoto wanatazama maji, na wamekatazwa kuyagusa mpaka mmoja ateke kwanza.

Ninyi mliosikiliza, ndoo ipi ishuke?